Mlango Uliokidhi Viwango

Nchi hii ipo. Nasema mapema kwa sababu kuna watu wakisikia habari zake hudhani nimeziota. Sikuota kitu. Nimelala kwenye baraza zake, nimekula maharage yake, na mguu wangu wa kushoto una kovu la mbwa wa mpakani kwake. Jina lake nitaliacha, maana hata wenyewe siku hizi hulitaja kwa sauti ya chini.

Ni nchi ya watu wenye adabu. Hilo lishike, usiliangushe njiani. Mtu wa nchi ile haingii mahali bila kupiga hodi, na hasogei hatua mpaka asikie karibu. Nyumba ya jirani ikishika moto, anayekuja na ndoo ya maji husimama kwanza kizingitini. "Hodi!" Anangoja. "Hodi wenyewe!" Na mwenye nyumba, moshi ukimtoka puani, hujibu: "Karibu, pita ndani, usijali vurugu." Nilidhani wananitania mpaka nikaona kwa macho yangu. Kutoitikia hodi kwao ni kubaya kuliko wizi. Mwizi hufungwa akatoka. Asiyeitikia hodi husemwa mpaka kwa wajukuu zake.

Nilifika mji wao mkuu nikitafuta kibarua chochote. Nikaelekezwa kwenye kiwanda cha vioo vya simu, jengo jeupe lenye bendera nyingi kuliko ikulu. Mkurugenzi mwenyewe, Bwana Makwega, alinihoji akiwa amesimama, kwa kuwa kiti chake kilikuwa kinapigwa picha.

"Mzee, una ndugu mji huu?"

"Sina."

"Una shamba karibu na mto?"

"Sina hata jembe."

"Una malalamiko yoyote?"

"Miguu tu, bwana. Inauma jioni."

"Miguu si mazingira," alisema, akanishika mkono kwa furaha. "Umepata kazi. Kuanzia leo wewe ni Jamii."

Maana yake nilielezwa baadaye. Wanunuzi wa vile vioo, walioko nchi za mbali, walikuwa wameleta kitu kinachoitwa Viwango. Kila kiwanda kinachowauzia lazima kitunze watu na kitunze mazingira, na lazima kishauriane na jamii inayokizunguka. Jamii iliyokizunguka kiwanda iliwahi kushauriwa mara moja. Ikasema mengi mno. Ndipo ikaamuliwa itafutwe jamii ndogo zaidi, isiyo na historia. Nikapewa kiti ukumbini chenye kibao kilichoandikwa JAMII, na chai, na maelekezo ya kutikisa kichwa juu na chini.

*

Viwango vilipokelewa nchini kwa ngoma na matarumbeta. Rais alivibusu mbele ya kamera. Ikaundwa Wizara ya Wajibu, na Waziri wake akaapa kwamba hakuna kiwango kitakachomshinda.

Kwa kweli hakikumshinda hata kimoja. Viwango vilisema mtu asifanye kazi zaidi ya saa kadhaa kwa siku. Wizara ikarefusha siku. Viwango vilikataza kuajiri watoto. Wizara ikatangaza kwamba wale ni wanawake wafupi. Viwango vilisema mto ubaki na rangi yake ya asili. Mto ulikuwa umeshakuwa wa zambarau, basi Waziri akaita wanahistoria, nao wakathibitisha kwamba mababu waliukuta hivyo hivyo. Taka zisionekane ndani ya eneo la kiwanda? Zikatupwa nje ya ukuta wa nyuma, kwenye kiwanja cha shemeji yake Waziri. Huyo Shemeji alikuwa akichoma nyaya humo ili apate shaba, na mbuzi wake walikohoa kama wazee wa kahawa.

Kazi ya kiwanda ilikuwa kufuta vioo. Wasichana walikaa mezani kwa safu, kila mmoja na kitambaa na chupa ya maji ya kufutia. Yanaitwa maji lakini si maji. Yanakauka kabla hujayaona, na harufu yake ni ya ndizi mbivu iliyochanganywa na petroli. Aliyeyashika kwa muda mrefu alianza kufa ganzi vidole. Nyumbani wakawa wanaangusha vikombe, vinavunjika. Malalamiko yakafika kwa Bwana Makwega, naye hakukawia. Aligawa vikombe vya plastiki bure kwa kila mfanyakazi, na Wanunuzi wakampongeza kwa huduma ya afya.

Kilichobaki ni mlango.

Viwango vilitaka mlango wa dharura. Uwe wa kijani, uonekane kutoka kila pembe ya ukumbi, usizuiwe na kitu chochote mbele yake. Tatizo ni kwamba mahali pekee pa kuutoboa palikuwa ukuta wa nyuma, na mlango pale ungetokea kwenye kiwanja cha Shemeji. Waziri alisema hapana. Kumfungulia mtu mlango kwenye kiwanja chake ni kuvunja faragha yake, na faragha nayo imo kwenye Viwango, ukurasa wa mbele kabisa.

Akaitwa fundi anayechora kuta za saluni. Akauchora.

Bwana wee, ule ulikuwa mlango! Kijani cha majani ya mgomba, bawaba, tundu la ufunguo, na kitasa chenye kimeto cha mwanga juu yake, hata Waziri siku ya uzinduzi alikishika akateleza. Ulionekana kutoka kila pembe. Mbele yake hapakuwekwa hata ndoo. Mkaguzi wa kwanza alisimama mbali kidogo, akautazama, akaandika kuwa umekidhi. Fundi akapewa nishani.

*

Sasa nije kwenye lile jambo ambalo nchi ile haliiti moto.

Wanaliita Ongezeko la Joto. Lilianzia kwenye stoo ya chupa mchana mmoja, likaingia ukumbini kwa njia ya mlango mkubwa, mlango wa kweli. Wa meza za mbele walipita chini ya moshi wakatoka. Wasichana wa meza ya mwisho, walioko nyuma kabisa, walifanya walivyofundishwa kwenye semina. Hawakupiga kelele. Hawakusukumana. Walisimama safu wakaelekea mlango wa kijani.

Na kwa kuwa ni watu wa nchi ile, walipofika walipiga hodi.

Mimi sikuwepo kitini mchana ule; aliyenisimulia ni Stamili, msichana wa meza hiyo hiyo ya mwisho. Siku hiyo alikuwa ametumwa nje kwenda kumpokea mpiga picha. Alisikia kupitia dirisha la juu. Alisema wa mbele kabisa alikuwa rafiki yake Mwajabu, na kwamba hodi zake za mwanzo zilikuwa za utulivu tu, kama za mtu aliyekuja kuazima chumvi.

Baada ya hapo ukumbi ulisafishwa. Fundi aliitwa kurudishia rangi, hasa pale kwenye kitasa, palipokuwa pamechanwachanwa na kucha. Akapachora vizuri kuliko mwanzo. Ila pale kwenye kitasa rangi haikauki. Mpaka naondoka nchi ile, ukigusa inakuja na kidole.

Waziri alihutubia taifa. "Viwango," alisema, "haviruhusu mtu kufa saa za kazi. Na nchi yetu inafuata Viwango. Kwa hiyo, ndugu wananchi, hesabu ni nyepesi." Akaongeza kwa uchungu: "Sisi hatuna tatizo na ajali. Ajali ndizo zina tatizo na sisi."

Kesho yake asubuhi na mapema Shemeji alimwaga zege kwenye kona ya kiwanja chake, nyuma ya ukuta ule. Akasema ni msingi wa zahanati. Waziri akaja kuweka jiwe. Zahanati haijaota mpaka leo, na mbuzi, ambao wanalala hata juu ya nyaya za moto, hawalikanyagi lile zege.

*

Mwajabu alikuwa na mama, Bi Kidawa, muuza vitumbua wa kona ya soko. Afisa Utumishi wa kiwanda alikwenda mpaka nyumbani kwake.

"Hodi. Mwajabu yupo?"

"Karibu. Si nyinyi mnaye?"

"Sisi hatunaye, bibi. Ndiyo maana nimekuja kumpa onyo la utoro."

"Utoro?"

"Hajaripoti kazini. Kampuni imesikitika, maana tulikuwa tunampenda. Akirudi mwambie akaze buti."

"Baba, watu wanasema kulikuwa na moto."

"Joto, bibi. Kulikuwa na joto. Na wewe joto umelisikia, si unakaanga vitumbua?"

Hivyo ndivyo mtoto wa Bi Kidawa alivyokuwa mtoro. Sokoni wakaanza kusema amefuata mwanamume, wengine wakamtaja na mwanamume mwenyewe na rangi ya gari lake. Mama akawa hana mtoto na hana msiba. Hawezi kutandika mkeka, kwani anamlilia nani? Hawezi kupokea pole. Majirani wakija na mchele wa tanga, balozi wa mtaa anauliza: tanga la nani, mbona hakuna aliyekufa? Wanarudi nao. Nimeona watu waliofiwa nchi nyingi, lakini mtu aliyekatazwa kufiwa nilimwona kule.

Alichotaka kilikuwa kimoja. Aambiwe aliko mwanawe, amkalie matanga. Basi.

Akaanza kuja getini kila siku. Mlinzi wa geti alikuwa Pazi, kijana mwenye kofia kubwa kuliko kichwa, naye alikuwa na amri ya kutomwitikia. Kiti changu cha Jamii kipo karibu na dirisha, kwa hiyo nilisikia yote.

"Hodi!"

Pazi anatazama mawingu.

"Hodi wenyewe!"

"Bibi, hapa hapapigwi hodi. Hapa kuna kengele, na kengele ni ya wageni."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe si mgeni. Unakuja kila siku."

"Basi kama mimi ni mwenyeji, nifungulie nipite."

"Bi Kidawa, usinitie majaribuni, nina watoto."

"Una watoto! Pazi, wewe nimekuogesha kwa maji ya mwarobaini, upele mwili mzima, mama yako kakukimbia kwa harufu. Leo hata karibu inakushinda?"

Pazi alilia chini ya kofia yake, lakini hakuitikia. Alikuwa na amri.

Mwisho Bi Kidawa aliacha geti. Alizunguka nyuma, akaingia kiwanja cha Shemeji, akakaa kwenye ukingo wa lile zege akiutazama ukuta. Akawa anapiga hodi kwa ukuta.

*

Ni wakati huo huo ukuta nao ulipoanza.

Ilikuwa mchana, mashine zikizimwa kwa chakula. Ukumbi ukitulia tu, kutoka kwenye mlango wa kuchora inakuja sauti. "Hodi." Ndogo. Sauti ya mtu anayejua amechelewa na hataki kusumbua. Wasichana wakiisikia wanakaza meno. Kwa mtu wa nchi ile, kukaa kimya mbele ya hodi ni kama kuzuia chafya. Niliwaona wengine wakitafuna ncha za mitandio yao, wengine wakijaza midomo ugali.

Waziri akaunda Tume ya Sauti. Tume ikakaa hotelini, ikala, ikatoa taarifa: sauti ni ya Bi Kidawa aliyeko nyuma ya ukuta. Hakuna jambo la ajabu. Wafanyakazi wakatangaziwa kwamba atakayeitikia atafukuzwa kwa kosa la kukaribisha watu wasiohusika.

Nilifurahi kwa taarifa ile. Mtu wa kupita kama mimi anapenda jambo likieleweka. Kitu kidogo tu kilinikera. Bi Kidawa ana sauti ya kuuza vitumbua, nzito, inasikika mpaka sokoni. Na ile ya ukutani ilikuja na harufu ya ndizi.

*

Habari zikafika kwamba Wanunuzi wanatuma mkaguzi mpya, mwanamke anaitwa Bi Annelise, na kwamba huyu ni mkali, anakagua mpaka chini ya viti. Akipitisha, kiwanda kinapata oda ya vioo vya dunia nzima. Asipopitisha kinafungwa.

Wizara ikafikiri sana. Ikaamua kumpeleka kwanza kwenye Kozi ya Mila na Desturi, ndefu makusudi, ili abakiwe na mchana mmoja tu wa kukagua. Akafundishwa kula kwa mkono. Akafundishwa shikamoo. Zaidi ya yote akafundishwa hodi na karibu, asubuhi na jioni, walimu wakitoka nje ya mlango na kurudi, mpaka yule mama wa watu akawa anaitikia kabla hawajamaliza kusema. Akafaulu kwa alama za juu. Waziri mwenyewe alimvisha kilemba.

Kiwandani nako maandalizi yalipamba moto. Nisamehewe, yalipamba joto. Mkaguzi aliyepita alilalamika kwamba wafanyakazi wote wanajibu maneno yale yale, tunafurahi, tunapumzika, tunaheshimiwa. Akaletwa mwalimu wa maigizo kuwafundisha kujibu tofauti tofauti. Na kwa kuwa Viwango vinataka pawepo malalamiko yanayosikilizwa, Stamili akapewa lalamiko. Lake lilikuwa kwamba chai ina sukari nyingi. Bwana Makwega angelisikiliza mbele ya mkaguzi na kuagiza kijiko kipunguzwe.

Ikabaki Bi Kidawa. Asingeweza kuachwa nyuma ya ukuta akipiga kelele. Bwana Makwega akapata wazo, akamwita ofisini mbele yangu.

"Mama yangu, Viwango vinataka usawa wa kijinsia. Jamii tuliyonayo ni mwanaume mtupu." Alininyooshea kidole. "Wewe utakaa kando yake. Jamii ya Kike. Mchana mmoja tu."

"Nami nitapata nini?"

"Ukikaa kimya mpaka mkaguzi aondoke, nitakuambia Mwajabu aliko."

Bi Kidawa alimsogelea. "Kumbe unajua aliko."

Mkurugenzi akatabasamu kwa meno yote. "Sisi ni kampuni inayojali, mama."

"Nitakaa kimya," alisema. "Hata kupumua nitapumua kidogo."

*

Siku ikafika. Waziri alikuja na msafara. Shemeji alibaki kiwanjani kwake akifukuza moshi kwa gazeti. Bi Annelise akapita meza kwa meza, akauliza, akajibiwa vizuri na tofauti tofauti. Akafika mbele yetu.

"Na Jamii mnasemaje?"

Nikatikisa kichwa juu na chini. Bi Kidawa alikuwa ameshika mikono yake mapajani, kucha zimeingia kwenye ngozi. Naye akatikisa.

Ikaja saa ya chakula. Mashine zikazimwa. Nilimwona Bwana Makwega akitabasamu. Mpiga hodi wake alikuwa amekaa kitini hapa ndani, kimya, mbele ya macho ya kila mtu. Akamwashiria Stamili asimame na lalamiko lake.

"Mimi nina jambo," Stamili alianza. "Chai..."

"Hodi," ukuta ukasema.

Hakuna aliyegeuka. Wasichana wote waliinamisha vichwa mara moja, kama majani upepo ukipita. Nikamtazama Bi Kidawa. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Hakuwa yeye.

Bi Annelise alichanua uso wote. Kozi nzima ilikuwa imemjia kinywani.

"Karibu!" aliita.

Akanyoosha kilemba chake.

"Hodi."

"Karibu sana! Pita ndani!" Alikuwa ameukabili mlango wa kijani, anangoja kitasa kizunguke.

"Mwangwi huo, Bi Mkaguzi," alisema Bwana Makwega. "Ukumbi ni mkubwa."

"Mwangwi unaanza wenyewe?"

"Wa kwetu, ndiyo. Tumeuboresha."

"Hodi wenyewe," ukuta ulisema tena. "Hodi jamani." Na nyuma ya sauti hiyo kulikuwa na nyingine, na nyingine nyuma yake, za wasichana waliopanga safu, hazigombani, kila moja inangoja ya mbele imalize. Harufu ya ndizi ilinifika kooni. Waziri alikuwa anaitazama saa yake kama mtu anayesoma gazeti. Na mkaguzi wa watu akaendelea kukaribisha, karibu, karibuni, sauti yake ikipungua furaha kila mara, maana hakuna aliyeingia.

Bi Kidawa akasimama.

"Mama," Bwana Makwega alinong'ona, "mapatano yetu."

"Mapatano yetu ni uniambie aliko. Nimeshasikia aliko." Akamgeukia mkaguzi. Hakuwa na hasira naye. "Mwanangu, unaitikia vizuri. Waliokufundisha wamekufundisha. Lakini umesimama upande usio wake. Hodi hii si ya kuingia. Huyu yuko humu humu ndani na sisi. Anaomba kutoka."



Alitembea mpaka ukutani. Akashika kitasa cha kuchora, kama tu angekishika mtu yeyote anayetaka kufungua. Rangi mbichi ikamjaa vidole. Akauleta mdomo wake karibu na ule mlango.

"Mwajabu. Ngoja hapo hapo. Mama anazunguka."

Na akatoka kwa mlango mkubwa.

Stamili alikuwa bado amesimama. "Chai ina sukari nyingi," alisema, machozi yanamtiririka, maana alikuwa mtu wa kumaliza kazi yake. Kisha akavua glavu na kumfuata. Akafuata wa pembeni yake. Meza moja, ya pili, mpaka ukumbi wote ukawa unatoka, hakuna anayesema, hakuna anayesukuma. Getini Pazi aliwaona wanakuja. Akavua kofia, akafungua mabawa yote mawili ya geti, akasema kwa nguvu neno alilokuwa amelimeza siku zote zile: "Karibuni! Karibuni! Piteni!" Walikuwa wanatoka, lakini hakuna aliyemsahihisha, naye akawafuata.

Waziri si mtu wa kushindwa na kiwango. "Bi Mkaguzi," alisema, akipangusa jasho, "unachokiona ni zoezi la kujiokoa. Hatukulitangaza, ili ushuhudie hali halisi." Mkaguzi alitazama milango, akatazama meza tupu. Alikuwa amepauka kama chaki, lakini alikuwa na kazi yake. Akaandika kwamba wafanyakazi wote walitoka kwa utulivu wa hali ya juu, mfano kwa wauzaji wengine. Kiwanda kikapita. Alitoa pendekezo moja tu, kwamba mlango wa kijani uachwe wazi saa zote za kazi. Fundi akaitwa, akauchora upya ukiwa wazi, na nyuma yake bustani na anga la buluu. Akapewa nishani ya pili.

Lakini hayo ni ya baadaye. Mchana ule mimi nami niliinuka kwenye kiti changu. Mkurugenzi alinidaka mkono. "Jamii, wewe kaa!" Nikamwambia nakwenda kunyoosha miguu, inauma.

*

Nyuma ya ukuta, Bi Kidawa alikuwa ametandika kanga yake moja juu ya zege na kubaki na nyingine mwilini. Wasichana walivua magwanda yao meupe ya kazi wakayatandika kando yake, mpaka lile zege likawa mkeka mmoja. Tukakaa. Upande ule ukuta haujapakwa chochote. Ni matofali tu na moshi wa nyaya.

Shemeji akatokea na gazeti lake. "Nani kawaruhusu kuingia hapa? Hiki ni kiwanja cha mtu!"

"Piga hodi kwanza," Bi Kidawa alimwambia bila kugeuka. "Umeingia matangani kwa watu."

Shemeji alifungua mdomo atukane. Lakini naye alilelewa nchi ile ile. Niliona adabu ikimpanda kutoka miguuni bila ruhusa yake. Akarudi hatua moja nyuma, akakunja gazeti.

"Hodi," alisema kwa unyonge.

"Ngoja," alisema Bi Kidawa. "Kuna waliokutangulia."

Akangoja. Sote tukangoja. Kiwandani ndani hakukuwa na mfanyakazi hata mmoja, mashine zimezimwa. Mbuzi waliacha kukohoa. Na kutoka ndani ya ukuta ikaja, kwa upole ule ule, kana kwamba haikuwa imesubiri muda wote ule:

"Hodi."

"Karibu, mwanangu," alisema Bi Kidawa. "Karibuni nyote. Njooni nje. Kuna nafasi."

Ukuta haukufunguka. Nalisema hilo kwa sababu najua utaniuliza. Hakuna tofali lililotikisika. Ila harufu ya ndizi na petroli ilipita kati yetu, taratibu, pumzi moja baada ya nyingine, kama watu wanaovua viatu kabla ya kukanyaga mkeka. Stamili akajisogeza. Aliye kando yake akajisogeza. Pazi akaipakata kofia yake. Bi Kidawa aliuinua mkono wake wenye rangi ya kijani akauweka chini pembeni yake, kiganja juu, kisha akakifunga, na hapo ndipo alipoanza kulia kwa sauti, sauti ile ya kuuza vitumbua, na watu wakaanza kumwambia pole.

Shemeji bado alikuwa amesimama, hajakaribishwa.

Mimi, Jamii, nilikuwa nimekaa mwisho kabisa, jirani na ukuta. Nikavuta miguu yangu, nikasogea.